Video ya Kutazamwa kama Mchoro

Aliyezoea sinema akionyeshwa Mistaken Memories of Mediaeval Manhattan, atasubiri ianze. Anaona mapaa ya majengo ya New York, mawingu yanayopita taratibu, mwanga unaofifia. Sauti inasikika chini kwa chini. Haingii mtu, halisemwi neno. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo, na ilishaanza.

Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno aliipiga video hiyo mwaka 1980 na 1981. Hakuwa na stendi, basi akailaza kamera kwa ubavu dirishani. Picha ikatoka imelala, na ili ionekane sawasawa ilibidi televisheni nayo isimamishwe kwa ubavu. Naona uzito wote wa kazi hii uko hapo. Skrini ya wima haifanani tena na ya sinema. Inafanana na mchoro uliotundikwa ukutani, na hakuna anayeudai mchoro umsimulie kisa.

Sehemu ya sauti yake ilitoka katika Music for Airports, albamu aliyoirekodi mwaka 1978 na kuupa mtindo wake jina la ambienti: muziki unaokaa chumbani bila kumlazimisha mtu ausikilize. Katika kipande kimoja cha albamu hiyo, kila noti iliyoimbwa iliwekwa kwenye kitanzi chake cha utepe, na vitanzi havikulingana urefu. Kimoja kilirudi baada ya sekunde 23 na nusu, kingine karibu 26, kingine karibu 30. Ni kama watu watatu wanaozunguka uwanja mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake: wanapishana, wanakutana wawili, wanaachana tena. Tukichukua namba kamili za 23, 26 na 30, viwili vya kwanza vitaanza pamoja tena baada ya sekunde 598, karibu dakika 10. Vyote vitatu vitasubiri sekunde 8,970, muda unaokaribia saa mbili na nusu. Noti ni chache mno, lakini sikio halipati mahali pa kusema hapa nimeshapita.

Picha nayo haifungwi kwenye sauti. Katika filamu ya kawaida mlango ukifunguliwa ngoma inalia, nasi tunaambiwa tuogope. Hapa wingu na noti vinakutana vyenyewe, na maana ya kukutana huko anaijua mtazamaji peke yake. Video nyingi za maporomoko ya maji na vinanda laini zilizojaa kwenye intaneti hukosa hasa hali hiyo ya kutojirudia: sauti ya dakika chache hurudiwa vilevile usiku kucha, na sikio likishaushika mzunguko halipumziki tena.

Mwaka 1984 Eno alitengeneza Thursday Afternoon kwa ajili ya Sony ya Japani: michoro saba ya video, yote ya wima, inayomwonyesha mwanamke mmoja akisogea polepole huku rangi zikiyeyuka mwilini mwake. Muziki wake ulitoka kwenye CD mwaka uliofuata, kipande kimoja cha dakika 61. Santuri isingeubeba bila kuukata, maana upande mmoja hujaa kabla ya nusu saa.

Katika 77 Million Paintings ya mwaka 2006, kazi ya vitanzi ilichukuliwa na kompyuta. Programu inapandanisha picha alizozitengeneza Eno, moja inafifia ndani ya nyingine, na jina linataja idadi ya michanganyiko inayowezekana. Mwaka 2009 ilimulikwa juu ya mapaa ya Sydney Opera House.

Ukizitazama kazi hizi kwenye simu utaona kidogo sana. Tafuta skrini kubwa, punguza taa, teremsha sauti hadi uendelee kusikia magari ya nje, kisha kaa walau nusu saa. Ukitaka kuinuka ukapike chai, inuka. Kazi hizi zilitengenezwa zikijua utainuka.