Majina ya Pwani katika Ramani za Wareno

Neno ramani lahusishwa na rahmani, vitabu vya Kiarabu vya kuongozea vyombo, ambavyo jina lake lina asili ya Kiajemi. Maarifa ya njia za Bahari ya Hindi, basi, yalikwisha kuandikwa kabla ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Na ni rubani aliyepatikana Malindi aliyemfikisha Calicut mwezi uliofuata.

Miongoni mwa ramani kongwe za Kireno zilizosalia ni ile iliyochorwa Lisbon mwaka 1502 na mchoraji asiyejulikana. Alberto Cantino, mjumbe wa mtawala wa Ferrara, aliipeleka Italia kwa siri, na leo imehifadhiwa Modena. Ramani hiyo na zilizoifuata ni hazina kwa wanahistoria. Kwa mwanafunzi wa lugha pia zina faida, ila zahitaji kusomwa kwa hadhari.

Jambo la kwanza ni maendelezo. Mchoraji aliandika kwa kanuni za Kireno, si za wenyeji. Chukua Quiloa, yaani Kilwa. Katika Kireno, sauti k inayotangulia i huandikwa qu. Nayo sauti w haikuwa na herufi yake, hivyo ikaandikwa o. Kwa hiyo Quiloa si ushahidi kwamba watu wa Kilwa walitamka silabi tatu. Hali kadhalika, herufi ç katika Mombaça ni s tu. Mfano mgumu zaidi ni Monfia, yaani Mafia, kwa kuwa n inayofuata irabu katika Kireno huweza kuonyesha tu kwamba irabu hiyo yatamkwa puani. Anayedai, kwa ushahidi wa ramani peke yake, kwamba jina hilo lilipoteza konsonanti amejenga juu ya mchanga.

Jambo la pili ni chanzo cha majina. Wareno walishika Mombaça na Zanzibar, hali wenyeji wana Mvita na Unguja. Mombasa ni jina lililokwisha kuingia katika maandishi ya Kiarabu. Ibn Battuta, aliyepita huko mwaka 1331, alilitaja. Yaelekea, basi, kuwa Wareno waliyapokea majina yaliyozoeleka kwa mabaharia na wafanyabiashara wa ng'ambo. Kukosekana kwa Mvita katika ramani hakuthibitishi kwamba jina hilo lilizuka baadaye. Kwaonyesha tu ni nani aliyeulizwa.

Hivyo ramani hizi ni ushahidi wa sikio la mgeni na kalamu yake. Yafaa zilinganishwe na maandishi ya Kiarabu, na zaidi ya yote na matamshi ya wenyeji katika lahaja zao. Bila ulinganisho huo, historia ya majina ya pwani itaendelea kuanzia mwaka 1498, ingawa wenye majina walikuwapo karne nyingi kabla ya hapo.