Kompyuta ya Gemu Iliyoundwa Tayari: Ununue, ama Uachane Nayo?

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Bungoma akiwa na furaha tele. "Sista, nimepata mashine! Elfu themanini na tano, imeshaundwa, ni kuwasha tu. Jamaa anasema nitume leo kabla haijachukuliwa."

Nilimuuliza maswali mawili: ndani kuna pawa saplai gani, na pesa unatuma kwa namba ya nani? Akanyamaza.

Huo ukimya naujua. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nilinunua mashine kama hiyo Nairobi, kasha la kioo na taa za kila rangi, nikaibeba hadi Kitale. Wiki ya tatu stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na mashine ikatoa moshi. Muuzaji akaniambia niirudishe mwenyewe, karibu kilomita 380, nauli juu yangu. Fundi wa mtaani alipoifungua, pawa saplai haikuwa hata na jina la aliyeitengeneza.

Kwa hivyo, inafaa ama haifai?

Unalipia nini hasa?

Mashine iliyoundwa tayari inakuuzia vitu vitatu: vipuri, kazi ya fundi, na waranti moja ya mashine nzima. Hiyo waranti ndiyo faida kubwa. Ukinunua vipuri kwa wauzaji watano, siku mashine ikigoma kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kuna wakati mashine hizi zilikuwa ndiyo njia rahisi. Kati ya 2020 na 2022 kadi za michoro ziliadimika duniani kwa sababu ya uhaba wa chipu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, na watu wengine walinunua kompyuta nzima ili wapate kadi tu. Septemba 2022, Ethereum ilipoacha kutegemea kadi hizo, nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Ukiambiwa kadi ni "kama mpya", uliza imetoka wapi.

Mahali wanapobania

Tangazo litataja prosesa na kadi ya michoro kwa herufi kubwa. Angalia kile ambacho halitaji:

- Pawa saplai. Iwe na jina linalojulikana na wati za kutosha. Huku kwetu stima inacheza, usibahatishe.
- RAM. Vijiti viwili vya GB 8 kwa kawaida hukimbia kuliko kimoja cha GB 16.
- Diski. Iwe SSD, si ile ya zamani ya kuzunguka.

Kisha fanya hesabu. Omba orodha ya vipuri vyote, tafuta bei ya kila kimoja, jumlisha. Ikizidi kwa elfu chache, hiyo ni haki ya fundi. Ikizidi kwa elfu ishirini, unalipia taa.

Njia ya tatu

Wengi wetu tunacheza gemu za mpira na GTA V, basi. Kwa hizo, kompyuta ya mitumba ya ofisi kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ukiiongezea kadi ndogo kama GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme, inatosha kabisa. Tahadhari mbili: kasha dogo linahitaji kadi fupi, na pawa saplai zake mara nyingi ni za umbo la pekee, si rahisi kubadilisha. Pia chukua Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na za chini ya hapo kwa kawaida hazimo kwenye orodha ya Windows 11.

Kabla hujaweka PIN

1. Lipa kwa namba ya Till au Paybill ya duka. Ukiambiwa "hiyo imeharibika, tuma kwa hii ingine, na ya kutolea", simama hapo.
2. Soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipofanana na la duka, ghairi.
3. Toa arbuni ndogo. Zingine ulipe mashine ikiwa inawaka mbele yako.
4. Ujumbe wa malipo unaonyesha kwamba umelipa, hauonyeshi umenunua nini. Dai risiti yenye namba za vipuri na muda wa waranti.
5. Kurudishiwa muamala ni kwa aliyekosea namba. Ni vigumu kukuokoa ukishatuma kwa hiari yako na mpokeaji akatoa pesa.

Mdogo wangu aliomba orodha ya vipuri. Jamaa akajibu, "Wateja ni wengi, boss," kisha simu ikawa haishikwi. Wiki iliyofuata alipanda matatu kupitia Webuye na Kiminini hadi Kitale, akatoa arbuni ya elfu tano kwa fundi, akacheza saa nzima palepale dukani, ndipo akamaliza deni. Jumla: KSh 54,000. Sehemu ya zile zilizobaki alinunulia UPS.

Mashine yake haina taa hata moja. Lakini stima ikipotea, anamaliza mechi kwanza.

Na wewe, kabla ya kutuma, je, unajua jina la unayemtumia?