Msimbo wa Hali Katika Saketi Isiyo na Saa

Prosesa nyingi huendeshwa kwa mapigo ya saa: pigo likija hali hubadilika, kisha kila kitu hutulia kungoja pigo lijalo. Saketi isiyo na saa haina msimamizi huyo. Ingizo likibadilika, nayo huanza kubadilika papo hapo. Kwa hiyo kuamua hali ipi iandikwe 00 na ipi 01, jambo ambalo penye saa huathiri zaidi ukubwa na kasi ya saketi, huku ndiko kunakoweza kuamua kama chombo kitafanya kazi.

Tuseme kuna hali tatu zinazofuatana kwa mzunguko: A ni 00, B ni 01, C ni 11. Kutoka C kurudi A, biti zote mbili lazima zibadilike, na hazitabadilika kwa wakati mmoja kamili. Ya kushoto ikitangulia, saketi hupita 01, yaani B, na kama B ni tulivu kwa ingizo hilo, itanasa humo. Hakuna msimbo utakaofanya kila hatua ya mzunguko huu igeuze biti moja tu. Kila biti moja inapogeuka, idadi ya 1 hutoka shufwa kwenda witiri au kinyume chake. Basi safari ya kurudi ulipoanzia huhitaji hatua shufwa, na tatu ni witiri, hata uongeze biti mia. Dawa mojawapo ni kurefusha njia: 10, iliyokuwa haina kazi, iwe daraja kati ya C na A. James Tracey alionyesha mwaka 1966 dawa nyingine, nami naiona bora zaidi: biti ziache zishindane, mradi mshindi asiwe na athari. Ukiandika A 100, B 010 na C 001, safari ya C kwenda A haigusi biti ya kati, na B haifikiki kamwe. Biti imeongezeka, lakini hatua ni moja.

Atakayesema waya wa haraka ucheleweshwe kidogo anasahau kwamba ucheleweshaji hubadilika kwa joto na volteji. Na atakayesema saa irudishwe ana hoja, ila saa hula umeme hata kazi isipokuwepo, tena kidole kinachobonyeza kitufe hakifuati mapigo yake. Pingamizi zito ni lile ambalo Stephen Unger alilithibitisha mwaka 1959: zipo saketi ambazo msimbo wowote hauziponyi, kwa kuwa ingizo lenyewe hushindana na badiliko la hali. Dalili yake hupimika: anza na hali tulivu, geuza ingizo mara moja, kisha linganisha na kuligeuza mara tatu. Ukifika hali tofauti, kama ilivyo kwa kihesabu mapigo, itabidi ucheleweshaji uongezwe kwenye njia ya marejeo.