Mkate wa Makaa wa Waitalia

Nchini Italia, kabla ya mlo wenyewe kuandaliwa, mgeni hutangulizwa vipande vya mkate uliochomwa. Vilivyo vidogo na vyembamba huitwa crostini, maana yake "maganda madogo", yaani ganda gumu la mkate. Kipande kikubwa huitwa bruschetta, kutokana na neno bruscare la lahaja ya Roma, lenye maana ya kuchoma juu ya makaa. Hutamkwa "brusketa", kwani ch ya Waitalia mahali hapo ni k yetu.

Basi jina halitaji nyanya wala nyama, lataja moto. Nyanya zenyewe zilifika Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16. Mkulima alikuwa na mkate mgumu wa jana asiokubali kuutupa: aliuchoma, akausugua kwa kitunguu saumu, akautia chumvi na mafuta ya zeituni. Askari aliyepata kukesha zamu na mkate mkavu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Watu wa Toscana huuita fettunta, "kipande kilichotiwa mafuta". Mwezi wa Novemba, zeituni zikamuliwapo, mafuta mapya huonjwa kwa mkate huo, yangali ya kijani na makali kooni.