Leica M8: Usiinunue Kabla ya Kuijua

Je, msomaji, umeonyeshwa kamera ya Leica M8 iliyotumika ukataka kuanza nayo kazi ya kupiga picha za arusi? Ngoja kidogo.

Kamera hii ya dijitali kutoka Ujerumani ilianza kuuzwa mwaka wa 2006. Utamu wake umo katika kidirisha cha kuchungulia. Hutazami kupitia kwa lenzi bali kando yake, na ndani mna mistari ya kuonyesha mipaka ya picha. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, unamwona mtoto akija mbio kabla hajaingia pichani. Kulenga ni kwa mkono: unazungusha lenzi mpaka sura mbili za kitu kimoja zilingane.

Lakini kwa njia hiyo hiyo unaweza kupiga picha tano kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi! (Usicheke, zamu yako yaja.) Pete nayo haikaribiki, lenzi zake nyingi hukomea sentimita 70.

Balaa kubwa ni rangi. M8 hunasa miali ya infraredi ambayo macho hayaioni, hivyo suti nyeusi ya poliesta hutokea ya zambarau. Leica waliwapa wanunuzi vichujio viwili bure vya kufungwa mbele ya lenzi. Muulize muuzaji viko wapi, kabla bwana arusi hajakuuliza suti yake imefanywa nini.