Nyumba Mpya au ya Zamani? Tutazame Kabla ya Kutoa Akiba



Wengi wetu katika mashamba ya miwa na viwanda vya huku Jinja, Uganda, tunakaa katika nyumba za mwajiri. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo imekwisha. Tangu mwaka 2022 sheria inamruhusu mwanachama wa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, aliyetimiza miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Basi katika mikutano yetu swali limekuwa moja: tununue nyumba mpya au ya zamani?

Mwenzetu mmoja alinunua mpya, pembeni mwa mji. Kuta nyeupe, mabati yanang'aa. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalitoka sakafuni na ukuta ukapasuka toka dirishani hadi chini. Kumbe ilijengwa ukingoni mwa kinamasi. Katiba ya mwaka 1995 imeweka vinamasi chini ya ulinzi wa serikali kwa faida ya wananchi wote, na aliyejenga humo aweza kuondolewa. Muuzaji hakuonekana tena.

Hatusemi kila nyumba mpya ni mbaya. Waya za umeme ni mpya, choo hakijajaa, mbao za paa hazijaliwa na mchwa. Ila haijanyeshewa. Nyumba ya zamani imekwisha kunyeshewa miaka mingi, na kasoro zake ziko wazi. Ukiikuta imepakwa rangi juzi, uliza rangi inaficha nini.

Ya zamani nayo ina gharama zake. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Aandike bei ya kutengeneza paa, waya na choo. Jumlisha na bei ya nyumba, ndipo ulinganishe na mpya. Kama paa ni la asbesto, usilikate wala kulitoboa, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Tena, nyumba nyingi za zamani za mjini Jinja ziliachwa na Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia njia ya kurudishiwa. Ukiuziwa nyumba ya namna hiyo, dai kuona karatasi zote tangu wakati ule hadi leo.

Iwe mpya au kuukuu, mambo haya ni lazima:

1. Hakikisha hati katika ofisi ya ardhi, uone kama nyumba haikuwekwa rehani.
2. Kama ni kibanja, pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi.
3. Kama familia ya muuzaji inakaa hapo, mkewe au mumewe lazima akubali kwa maandishi.
4. Uliza majirani na mwenyekiti wa kijiji.
5. Rudi tena siku ya mvua.

Muuzaji akikuharakisha, mwache aende na nyumba yake. Nyumba ziko nyingi, lakini asilimia 20 ile ni jasho la miaka, na ikipotea hairudi.

Ndugu, kabla ya kutia sahihi, leteni karatasi tawini tuzisome pamoja. Huo nao ndio umoja.