Je, Wajua? Kijia Kisichofungika Moyoni mwa Kilebu

Kilebu awapo tumboni mwa mamaye, ambako mapafu hayajapata kazi, kijia chembamba huipitisha damu kutoka mshipa wa mapafu hadi mshipa mkuu, nacho aghalabu hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kisipojifunga, damu humwagikia mapafuni, moyo hutanuka, na mnyama huweza kufa angali kijana, maradhi haya yakiwapata majike zaidi kuliko madume. Mfugaji wa Kirumba au Igogo, Mwanza, akiweka kiganja ubavuni kushoto, karibu na kwapa, huenda akahisi mtetemo usiokatika. Basi na amwite tabibu wa mifugo mapema, kwani kijia hicho hufungwa kwa uzi. Wanadamu nao huzaliwa nacho: mwaka 1938, huko Boston, Marekani, daktari mpasuaji Robert Gross, aliyekwisha kujizoeza kwa mbwa, alimfungia binti wa miaka 7, akapona.